Jibu la Chura Namba Kumi na Saba

Kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane haipo tena duniani, na ukimweleza kijana wa leo atadhani unamtania. Alikuwa mtunza vyura wa hospitali. Maabara ya hospitali ile ilikuwa na vyura mia na ishirini, na vyura hao ndio walioulizwa kama mwanamke ana mimba au hana.

Ilikuwa hivi. Mwanamke alileta mkojo wake wa asubuhi kwenye chupa. Mkojo ulichujwa, ukavutwa kwenye bomba la sindano, na chura jike akadungwa chini ya ngozi ya mgongo, polepole, ameshikwa kwa kitambaa, maana vyura wale wa majini wenye kucha miguuni wanateleza kama sabuni. Kisha aliwekwa peke yake kwenye mtungi wa kioo wenye maji kidogo, na karatasi yenye jina la mwanamke ikabandikwa nje. Mkojo wa mja mzito una kitu kinachomwamsha chura. Asubuhi unakuta mayai yametapakaa chini ya mtungi, nusu meusi nusu meupe, madogo kama punje za ulezi. Maji yakiwa safi, jibu ni hapana.

Hospitali nzima ilimwita Bwana Chura. Manesi wakipishana naye koridoni walimuuliza, "Bwana Chura, wake zako hawajambo?" naye alijibu bila kupunguza mwendo, "Hawajambo, ila wawili wamenuna." Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita, mwaka aliofariki mama yao, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mdogo wake wa kike wa miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa na pengo la mbele, wakamwita Kijino, na jina likamganda hata meno yote yalipoota. Kaka mtu ndiye aliyemlea. Alimsuka nywele vibaya mpaka majirani wakamwonea huruma wakamwambia aache, watamsuka wao. Alimsomesha. Na siku Kijino alipoolewa na fundi redio mmoja mwenye sura ya upole, yeye ndiye aliyekaa mahali pa baba.

Vyura aliwajua kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake. Alijua kwamba madume huimba chini ya maji, mlio mkavu kama wa mtu anayegonganisha kucha mbili, na kwamba dume mwenye raha yake mikono huwa myeusi kwa ndani, akamkumbatia jike kiunoni asimwachie mchana kutwa. Jike mwenye mayai alimjua kwa nyonga tu: hujaa, akawa na umbo la peasi. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyaona kwa kubadilisha maji kila siku ya Mungu.

Mwaka wake wa kumi kazini, uongozi ulihamisha chumba cha dobi. Mashine za kufulia na boila la kuchemshia maji viliwekwa upande wa pili wa ukuta wa chumba cha vyura. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni ukuta ulitetemeka, na maji ya tangi kubwa yalikuwa na vijikunjo visivyokoma. Joto nalo lilipanda. Wiki ya kwanza vyura walijibana kwenye kona ya mbali, wakapandana migongoni. Wiki ya pili waliacha kula. Vipande vya maini alivyowatupia vilibaki vinaelea mpaka vikanuka. Wiki ya tatu madume walinyamaza. Hilo ndilo lililomtia hofu. Chumba kilichokuwa na mlio wake miaka yote kilibaki na ngurumo za dobi peke yake, na majike wakaanza kukonda nyonga.

Alifanya jaribio lake mwenyewe, kimyakimya. Kulikuwa na nesi mmoja mwenye mimba ya miezi minne ambayo kila mtu aliiona. Akamwomba mkojo. Nesi akacheka, "Unataka vyura wakuambie ninachokijua mimi?" lakini akampa. Akadunga vyura wanne wa tangi kubwa. Asubuhi alikuta mmoja ametaga. Mitungi mitatu ilikuwa na maji safi kama ya kunywa.

Akaenda kwa Mkuu wa maabara, mtu mrefu wa koti jeupe lisilo hata doa, aliyezoea kuongea na watu huku macho yakiwa kwenye karatasi.

"Mkuu, vyura wameacha kusema kweli."

"Vyura hawasemi."

"Namaanisha hawatagi. Wamevurugika. Zile mashine za dobi zinawatesa. Nimewadunga wanne mkojo wa mwenye mimba, watatu wamekataa."

Mkuu akainua macho mara moja. "Nani alikutuma kufanya majaribio?"

"Hakuna aliyenituma, Mkuu. Nilitaka kuhakikisha tu."

"Kazi yako ni kuwapa maji na maini. Kuhakikisha ni kazi yangu."

Lakini hakuwa mjinga, Mkuu yule. Siku tatu baadaye alimwita akamwambia achague majike sita wazima na madume wawili, awahamishie kwenye stoo ya mwisho wa uwanja, kule kusikofika kelele. Bwana Chura alifurahi, akadhani ni mwanzo wa kuwahamisha wote. Ndipo Mkuu akamalizia: "Hao ni wa wadi ya juu. Wadi za kawaida zitaendelea na tangi kubwa."

Wadi ya juu ndiyo iliyokuwa na vyumba vyenye mapazia, walimolazwa wake za wakubwa. Bwana Chura alihamisha vyura wanane kwenye makarai mawili ya bati, akawawekea mawe ya kujifichia, na baada ya wiki tano akiwa amechuchumaa pale stooni alisikia dume akigonganisha kucha zake. Alitabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Siku moja alivunja amri. Mwanamke wa wadi ya kawaida alikuwa anatapika hovyo na madaktari wanabishana kama ni mimba au ugonjwa. Bwana Chura akamdungia chura wa stooni. Chura akataga, mwanamke akanusurika kupewa dawa ambazo zingemdhuru. Shukrani aliyopewa ilikuwa barua ya onyo. Mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote: akirudia, kazi hana, na nyumba ya hospitali anayokaa anaiachia. Wakati huo mkewe alikuwa na kichanga cha wiki tatu, mtoto wao wa pili. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kwa vyura wake.

Haikupita miezi miwili Kijino akaja hospitalini.

Alikuwa na miaka minne ya ndoa na hakuwa amepata mtoto. Siku zake hazikuwa na mpango. Mwezi huu zinakuja, miwili zinapotea. Safari hii tumbo lilikuwa limevimba upande mmoja na lilikuwa linamuuma. Daktari wa upasuaji alimpapasa akasema ni uvimbe, ila kabla ya kumpasua apimwe mimba, kufuata taratibu tu.

"Kaka, waambie hao wake zako waseme vizuri," Kijino alisema akimpa chupa kwa mkono wake mwenyewe, akicheka, ingawa uso ulikuwa umechujuka kwa maumivu.

"Watasema," alimjibu.

Fomu ilikuwa ya wadi ya kawaida. Funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwake, kwenye mfuko uleule wenye barua. Alisimama katikati ya uwanja na chupa mkononi, stoo kushoto, chumba cha vyura kulia, mpaka mpishi mmoja akamuuliza kama amepoteza kitu. Akakata kona kulia. Alijiambia kwamba daktari ameshasema ni uvimbe. Alijiambia kwamba mdogo wake mwenyewe anasema ni uvimbe. Alipekua tangi kubwa kwa muda mrefu akimtafuta jike aliyebakiwa na nyama nyongani, akampata namba kumi na saba, akamdunga kwa uangalifu kuliko alivyowahi kumdunga chura yeyote.

Asubuhi maji yalikuwa safi.

Alikwenda kwa Mkuu kabla hajaandika kitu. "Mkuu, naomba turudie hii moja. Kwa wale wa stooni."

"Sababu?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Mkuu akavua miwani, akaifuta. "Ndiyo maana hasa haiwezekani. Watu watasema maabara yangu inapendelea ndugu. Andika ulichokiona."

"Nimeona maji, Mkuu. Na wewe unajua maji ya tangi lile hayana maana."

"Andika ulichokiona."

Akaandika hapana. Wino ulipokauka alifanya jambo moja zaidi, na ndilo ambalo baadaye lilimwuma kuliko yote: alitoka kwenda kumtafuta daktari wa upasuaji. Alimkuta koridoni amezungukwa na watu, anatoa maagizo huku na huku. Alisimama nyuma yao kofia mkononi. Daktari akamwona. "Unasemaje?" Sentensi nzima ilikuwa mdomoni. Aliwaza kichanga, aliwaza nyumba, aliwaza Mkuu akisoma barua ya pili. "Nilikuwa napita tu, daktari," akasema, akageuka.

Kijino alipasuliwa siku iliyofuata. Siku ya tatu mhudumu wa chumba cha upasuaji alileta maabara mtungi uliofunikwa kwa kitambaa, wenye jina. Mkuu aliufunua yeye mwenyewe, Bwana Chura akiwa kando yake. Uvimbe ulikuwemo, ndiyo, mkubwa kama chungwa. Pembeni yake, ndani ya kizazi kilichotolewa kizima, kulikuwa na mtoto.

Upande wa pili wa ukuta mashine za dobi zilikuwa zinazunguka.

"Uvimbe ulikuwepo," Mkuu alisema hatimaye. "Utaandikwa uvimbe. Daktari nitaongea naye mimi. Na hili halitoki humu."

"Na huyu?"

"Peleka panapohusika."

Palipohusika palikuwa tanuri la taka za hospitali, nyuma ya chumba cha maiti. Bwana Chura aliubeba mtungi kwa mikono miwili, akatembea nao uwanja mzima. Kisha alinawa, akabadilisha koti, akanunua machungwa getini, akaenda wadini kumwona mdogo wake. Walikuwa wameshamwambia: tumetoa uvimbe, na imebidi kizazi kiende nao. Kijino alilia bila sauti, kwa sababu mshono ulikuwa unamvuta. Kaka yake alikaa kwenye kiti cha chuma akamenya chungwa, akamlisha kipande kimoja kimoja.

Mwisho wa mwezi ule nakala ya barua ya onyo iliondolewa kwenye faili lake. Hakuwa ameomba hilo.

Fundi redio alivumilia mwaka na nusu. Mwanzoni alisema mipango ni ya Mungu. Kisha mama yake akaanza kupiga kelele, kisha yeye mwenyewe akaanza kuchelewa kurudi, na siku moja mbele ya ndugu wa pande zote mbili alisema hakuoa ili akae na gogo. Neno hilo alilisema mara moja tu, kwa ile sauti yake ya upole, na Bwana Chura alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Ndugu wote walimtazama yeye, kaka mtu, wakingoja amjibu. Alitazama mkeka.

Kijino alipanga chumba na ukumbi, akapata kazi ya opereta wa simu katika ofisi moja kubwa, akaifanya mpaka kustaafu. Hakuolewa tena. Watoto wa kaka yake, wanne kwa jumla, walimpenda kupita kiasi; likizo za shule walikuwa wanagombea nani aende kwa shangazi. Mtoto wa tatu, wa kike, Bwana Chura alimtoa kabisa akakae naye. Watu walimsifu kwa moyo wake. Mkewe peke yake ndiye aliyemuuliza, "Mbona unampa mtoto kama mtu anayelipa kitu?" Akamjibu kwamba ni upweke wa ndugu yake unaomsumbua. Mkewe alikwenda kaburini na jibu hilo.

Vyura wenyewe hawakudumu. Vikaja vipimo vya karatasi, tangi likabomolewa, Bwana Chura akahamishiwa kuosha chupa za maabara mpaka naye akastaafu. Mkuu alikuwa ameshapanda vyeo akaenda zake wizarani, akafa na sifa. Miaka ikakatika. Na katika miaka yote hiyo Bwana Chura alikuwa na kipembe kidogo cha kujifichia moyoni. Alijiambia kwamba huenda mkojo uliharibika kwa joto. Huenda mimba yenyewe ilikuwa na kasoro, isingemwamsha chura yeyote, hata wa stooni. Kipembe kile kilikuwa chembamba, lakini mzee aliweza kulala humo.

Alikuwa na miaka sabini na mbili alipogongewa mlango na mwanamke wa makamo mwenye begi la mgongoni. Alijitambulisha kuwa mtafiti wa chuo. Shikamoo yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Mzee wangu, nimeambiwa wewe ndiye unayejua vyura kuliko vitabu."

"Hao walikutania."

"Tuna vyura chuoni, hawataki kuzaa. Tangu jenereta liwekwe karibu na chumba chao. Nimeona saini yako kwenye rejesta za zamani za maabara ya hospitali, nikaulizauliza mpaka nikafika."

Akamkaribisha ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumuuliza kuhusu kazi yake bila kucheka, na akasema yote: kona ya mbali, maini yaliyoelea, madume walionyamaza, nyonga zilizokonda. Mtafiti aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akatoa nyingine.

"Unajua ulichokiona, mzee? Chura akipata msukosuko, iwe kelele, joto, kubanana, mwili wake unatoa homoni ya kumsaidia kupambana. Kwa saa chache inamfaa. Ila msukosuko usipokoma, homoni ile inabaki juu siku zote, nayo inazizima zile za uzazi. Dume anaacha kuita, hamkumbatii jike hata ukimwekea mbele yake. Jike mwili wake unayala mayai yake mwenyewe ukayarudisha damuni. Ni kama mwili unajiambia: huu si wakati wa kuleta mtoto."

"Unayala?"

"Yananyonywa, yanaisha. Ndiyo maana nyonga zinakonda."

"Na ukimdunga mkojo wa mja mzito?"

"Utamwamshia nini? Mayai hayapo. Utamdunga hata mara kumi, maji yatabaki safi."

"Kwa hiyo hapana ya chura wa namna hiyo..."

"Haina maana yoyote, mzee. Kumuuliza yule ni sawa na kuuliza ukuta." Alisema akitabasamu, amefurahi kama mtu aliyepata alichokifuata. "Na wewe uliliona hili kwa macho matupu! Nani mwingine aliyejua pale hospitali?"

"Nilijua mimi," mzee alisema. "Na mkuu wangu."

Alimsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote. Alimshauri awahamishe vyura, awape giza, mawe na kimya, na asiwashikeshike. Aliporudi ndani akakaa, akatafuta kile kipembe chake cha miaka yote, hakukiona.

Jumamosi Kijino alikuja kama kawaida yake. Alikuwa na miaka sitini na tano, mnene kidogo, macho makali nyuma ya miwani. Alikaa dirishani akaanza kushona kola ya shati la kaka yake, akilalamika kwamba wanaume wakifiwa na wake zao huvaa kama wametoka kuokolewa mafurikoni.

"Kijino, kuna jambo nataka kukwambia. Nakuomba usinikatishe."

Akamwambia. Alianza kwenye dobi, akaishia kwenye mtungi. Alisema mpaka ile sentensi ya koridoni, nilikuwa napita tu, daktari. Sindano ya Kijino iliendelea kwa muda, kisha ikasimama.

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu."

"Nilikuwa bado nimelala wadini."

"Ndiyo."

"Ulikuja na machungwa."

"Ndiyo."

"Ukanimenyea." Alivua miwani. "Ukakaa pale ukanimenyea machungwa, kaka."

Mzee aliitazama sindano iliyoning'inia kwenye kola.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Alikuwa mdogo mno. Isingejulikana."

"Isingejulikana, au hukutazama?"

"Sikutazama."

"Mlimweka wapi?"

Alikuwa amejiandaa kusema alimzika chini ya mti nyuma ya maabara. Kwa siku nne alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hilo. "Tanurini," akasema.

"Nani alimpeleka?"

"Mimi."

Kijino alikata uzi kwa meno, akalikunja shati vizuri, akaliweka mezani. Akachukua mkoba wake. Akatoka, mlango akauacha wazi.

Wiki ile alikwenda hospitalini akadai faili lake. Karani alimjibu kwa heshima kwamba majalada ya wagonjwa wa zamani hizo yaliteketezwa yote, mama, hata ukimwita nani. Binti yule aliyelelewa na Kijino ndiye aliyemletea baba yake habari hiyo. Hakujua sababu, na baba yake hakumweleza. Katika siku hizohizo mtafiti alipiga simu, sauti yake imejaa furaha: vyura wamehamishwa, madume wameanza kuita, jana wamekuta mayai. "Hongera, mwanangu," mzee alisema, akakata simu, akaketi na uso mikononi.

Baada ya mwezi Kijino alirudi. Hakuingia ndani. "Vaa," alimwambia. "Tunakwenda kwa fundi redio."

"Kufanya nini, Kijino? Yule ni mzee sasa, ana watoto wake, ana..."

"Kola nimeshakushonea. Vaa."

Fundi redio alikuwa mgonjwa wa sukari, ameketi sebuleni na mguu mmoja juu ya kigoda, televisheni inaongea. Mkewe alikuwepo, yule aliyechukua nafasi ya Kijino, na mtoto wao mkubwa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Walikaribishwa kwa mshangao na adabu, wakaletewa maji.

"Nimemleta kaka yangu aseme neno," Kijino alisema. "Akimaliza tunaondoka."

Bwana Chura alisimama. Alisema kwamba mwaka ule mke wa mtu huyu alikuwa na mimba, kwamba kipimo kilikosewa, kwamba yeye alijua kinakosewa akakiacha, kwamba mtoto alitolewa pamoja na uvimbe, na kwamba alificha mpaka leo. Hakuongeza na hakupunguza. Yule kijana mkubwa alinyoosha mkono akazima televisheni.

Fundi redio aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa mnataka mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu," Kijino alisema. "Uliniita gogo mbele ya ndugu. Nimetaka usikie mbele ya mwanao kwamba sikuwa."

Mzee yule aliuhamisha mguu wake kwenye kigoda, polepole. "Basi," akasema kwa ile sauti yake isiyopanda, "ugomvi wako uko na kaka yako. Mimi niliambiwa na hospitali." Kisha akaongeza, "Mtoto wa kwanza, kumbe," kama mtu aliyeambiwa habari za jirani aliyehama.

Mkewe ndiye aliyelia. Alimfuata Kijino mpaka nje, akamshika mkono, akataka kusema pole. Kijino aliutoa mkono wake taratibu, akamwambia, "Wewe hukunikosea."

Ndugu wale wawili walitembea mpaka njia panda, kila mmoja upande wake wa barabara. Kaka mtu alikuwa anahema. Moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anahisi wepesi fulani. Alidhani lililobaki ni kulia pamoja.

"Umesema vizuri," Kijino alimwambia. "Hukuficha kitu. Ahsante."

"Kijino, mdogo wangu..."

"Sijamaliza. Ungenieleza nikiwa na miaka ishirini na nane, ningekupiga, ningekutukana, na labda tungekuwa tumeshapatana siku nyingi. Ungeniambia siku ile aliponiita gogo, ingetosha. Umeniambia sasa kwa sababu umezeeka na mzigo umekulemea, ukaona unitwike mimi. Usije kwangu. Nikikutaka nitakuita."

Akavuka barabara. Alitembea kwa mwendo wake uleule wa siku zote, wa mtu anayewahi zamu, mpaka watu wakamfunika.

Sasa ni mwaka wa tatu. Binti yule wa tatu huja kila Jumapili akitokea kwa shangazi, anampikia mzee, anamfulia. Ameshaambiwa yote, na shangazi mwenyewe. Tangu hapo haongei sana akiwa hapo nyumbani, anafanya kazi zake kwa haraka. Mzee hungoja mpaka aanze kuvaa viatu.

"Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Hajasema kitu?"

Binti hufunga kamba ya kiatu cha kwanza, kisha cha pili.

"Hajasema, baba."